Dakika Tano za Deki

Harusi za mwanzo zilianza na giza,
kisha sakafu, kisha kiatu cha Yusufali,
kisha sauti yake: "Yaandika? Yaandika hiyo?"
Jina hakuna. Kaseti zilipangwa rafuni pale Bondeni
kama matofali, zote nyeusi,
na ukitaka ya binamuyo uliazima tatu kwa kubahatisha.

Swafiya alikuja kurudisha filamu ya Kihindi,
akatazama harusi moja hadi kiatu.
"Nyumba nzuri," akasema. "Na mlango u wapi?"

Miguu ya maharusi wote wa Kibokoni
ilikuwa imepita mapajani mwake.
Usiku ule aling'oa kioo cha kabati la mamake,
akakilaza juu ya viti viwili. Chini, chali,
kamera ya Dubai, nzito kama mtoto aliyelala.
Mimi, miaka kumi na moja, nilipewa taa
na shuka nyeupe ya kushusha kila atoapo mkono.

Piko. Ndimu. Kijiti cha kiberiti.
Mkato mmoja, kitufe. Mkato mmoja, kitufe.
Na deki, kila ikisimamishwa, ilirudi nyuma kidogo
ikala alichokwisha kuandika,
kama mtu akulipaye kwa kukukopa tena.
Akaizoea. Akaipimia kwa kumeza mate:
funda moja lako, funda moja langu.
Ukizidisha dakika tano, hujizima, kulinda utepe.
Basi kila mkato ulikuwa na dakika tano za kuzaliwa.

Kutoka chini herufi huonekana kinyume,
kwa hiyo aliziandika khati za chuoni
kuanzia kushoto, kisogo mbele.
"Maalimu angenivunja vidole," akasema,
wala hakuinua kichwa.

Alfajiri tukaweka kaseti.
Mim ikajitokeza peke yake.
Mim ikavuta nun, nukta ikaanguka mahali pake
kama tone la bomba bovu,
mkia wa ra ukajikunja, ukawa korosho,
korosho ikachipua jani, jani likamtafuta Feisal.
*Munira na Feisal.*
Hapana mkono. Hapana mtu.
Yusufali alisahau chai ikamwagikia magotini.

Kwa kina Munira wanawake walipiga kelele, "Rudisha!"
Mara kumi na moja tulirudisha.
Bwana harusi alisubiri ndani ya mashine
kama mgeni aliyefungiwa nje.

Wakaja wa Likoni, wakaja wa Kisauni,
wakitaka "ile inayojiandika".
Pembeni mwa kioo Yusufali aliongeza jina la duka.
Swafiya aliomba nafasi ya lake,
dogo, hata la sekunde mbili.
Akaambiwa utepe ghali.
Alicheka kwa pua, akaendelea kusaga piko.

Kisha ikaja mashine ya kuandika herufi,
buluu, zenye ngazi ngazi ubavuni.
Aliitazama kwa muda. "Yaandika kama karani," akasema,
akairudia miguu ya watu.

Juzi nimeipata kaseti ya Munira
katika kasha la Yusufali, marehemu,
kuvu jeupe limeuma utepe, joto la mji huu halibakizi kitu.
Kile kipande cha kuzuia kufutwa kimevunjwa zamani,
lakini mtu amebandika selotepu juu ya tundu
akarekodi mpira.
Harusi haipo. Biriani haipo, wala machozi ya mama yake.
Feisal mwenyewe, nasikia, yuko Maskati na mke wa tatu.
Kilichobaki ni sekunde ishirini,
jani linakaribia kufika, halafu filimbi,
na watu wenye kaptura fupi wanakimbilia kona.

Nimeisimamisha pale mkia wa ra unapoanza kujikunja.
Picha inatetemeka.
Kwenye kioo, juu kulia, kuna kitu nisichokiona siku zile:
bangili, nusu yake,
imeng'aa kabla sijawahi kushusha shuka.
Uzembe wangu.

Nakaa nayo.
Deki inanihesabia, kama ilivyomhesabia,
dakika tano,
kisha, kulinda utepe, inaachia.